Ua Ndani ya Glavu

Bi. Beryl Ockley alisema goti linamuuma na hashuki.

"Goti lipi, Mama?" Linnet alimuuliza, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya basi.

"La kushoto."

"Asubuhi lilikuwa la kulia."

"Basi yote mawili. Nenda, mwanangu, unaingiza baridi."

Bwana Pettifer, mwenyekiti wa Chama cha Bustani cha Marlwick, alikuwa chini na karatasi yake ya majina, pua imemwiva kwa upepo. "Tumepanda thelathini na wanane, tumeshuka thelathini na saba," alilalamika. "Bi. Ockley, safari ya maua ya Februari ni moja tu kwa mwaka. Hata marehemu Bwana Tuffnell alikuja, na nyonga ya bandia."

"Na Machi tukamzika," Bi. Beryl akajibu, akafunga koti mpaka kidevuni.

Watu walicheka. Linnet hakucheka. Mama yake alikuwa mtu wa kupiga magoti kwenye matope, mvua ikimnyeshea, kwa ajili ya ua lisilozidi kidole. Tone la theluji, ndivyo wenyewe wanavyoliita: ua dogo jeupe linalochomoza wakati kila kitu bustanini kimekufa, likainamisha kichwa kama mtoto aliyekemewa. Asiyelijua huona yote ni mamoja. Wenye wazimu nalo huyainua kwa kidole, wakachungulia alama ya kijani iliyo ndani, wakakutajia jina na ukoo. Marlwick wazimu huo ni heshima, na Bi. Beryl alikuwa wa kwanza katika wenye wazimu. Sasa bustani ya Stanmere ilikuwa imefunguliwa mbele yake, nyeupe kutoka lango mpaka mtoni, naye ameng'ang'ania kiti.

Na siku yenyewe aliyoichagua! Oktoba iliyopita Rowan Thackray wa Stanmere alikuja ukumbini kwao kuwafundisha kupogoa mitufaha. Linnet, fundi wa miwani ambaye hana hata mtufaha mmoja, aliinua mkono akauliza swali la kijinga, na Rowan akamjibu yeye peke yake kwa dakika kumi, wengine wakakohoa. Tangu hapo ni miezi minne. Juzi alimwambia kwa simu, "Nikimaliza kuwamiminia watu wako chai, nina neno la kukuambia mbele ya mama yangu. Mlete na wako." Mwanamke wa miaka thelathini na miwili haambiwi hivyo mara mbili. Linnet hakulala vizuri tangu siku hiyo.

"Mama, Rowan anataka kukuona," alinong'ona.

"Ataniona siku nyingine. Sikimbii."

Linnet akachukua mkebe wake wa biskuti akashuka, uso umemwiva.

Ndani ya mkebe hamkuwa na biskuti. Alikuwa ameweka ukoka uliolowa, na juu yake matone sita ya theluji aliyoyachuma asubuhi wakati mama yake akitafuta kofia. Matano yalitoka kwenye pipa la mlangoni. La sita lilitoka kwenye chungu kilichofichwa nyuma ya pazia la bafuni. Alilichuma kwa kuwa lilikuwa zuri kupita yote. Mwaka mzima chungu kile kilikuwa pale, na kila Linnet alipokiulizia, mama yake alisema alipewa na rafiki.

Rowan alikuwa mlango wa jikoni, mikono ya shati imekunjwa ingawa maji ya ndoo yalikuwa yameganda juu. Alimwona Linnet akasahau alichokuwa amebeba. Kilikuwa ni sinia la vikombe.

"Utavunja," Linnet akamwambia.

"Umekuja."

"Si uliniita?"

Wakabaki wanatazamana kama wajinga, mpaka sauti ikatoka ndani: "Rowan, funga mlango au ingia na huyo mtu wako."

Bi. Isobel Thackray alikuwa mrefu, mkavu, nywele nyeupe zimebanwa kwa pini mbili. Alimtazama Linnet juu mpaka chini bila kukunja uso wala kutabasamu.

"Wewe ndiye wa chama."

"Ndiye Linnet, Mama," Rowan alisema.

"Nimesema siye?"

Linnet akafungua mkebe akatoa shada lake dogo kwa mikono miwili. Bibi akalipokea, akalisogeza mbali na macho, akalileta karibu, akakata tamaa. Miwani yake ilikuwa inaning'inia shingoni kwa uzi, mkono mmoja umechomoka.

"Asante. Lakini maua haya hayaingii ndani ya nyumba hii. Bibi yangu aliyaingiza, na kabla ya Pasaka tulimzika babu." Akayatia katika kikombe cha kulia yai, akafungua dirisha, akayaweka nje kwenye ukingo.

"Miwani yako imepoteza skrubu," Linnet alisema, na mara akajuta kwa kuropoka. "Samahani. Ndiyo kazi yangu. Ninatembea na bisibisi ndogo, naweza kuitengeneza."

"Tangu Krismasi sijasoma hata barua," bibi alisema. "Baada ya chai, basi. Utakaa meza hii, si ile ya chama."

Rowan alimfinya Linnet kiwiko kwa furaha. Walipotoka nje akamnong'oneza, "Meza hii! Daktari wake alikuja miaka kumi kabla hajaambiwa akae meza hii."

Walipita kwenye kijia kilichopandwa miti ya mihazeli. Wanachama walikuwa wametapakaa kila mahali, wameinama, matako juu, wakiitana kwa minong'ono kama wako kanisani. Rowan alimshika Linnet mkono juu ya glavu, mbele za watu, na Bi. Crabbe aliyekuwa karibu akajifanya ameona ndege.

"Mama yako hapendi vyama," Linnet alisema. "Kwa nini?"

"Nilitaka usijue kabla hajakuona. Njoo."

Chini ya mtufaha mkongwe kulikuwa na duara la mawe, na katikati yake udongo mtupu. Kibao cha zinki kilikuwa bado kimesimama. Kiliandikwa ISOBEL.

"Baba alihangaika miaka ishirini kulipata ua hili," Rowan alisema. "Kwa brashi ya kuchorea, akichukua vumbi la hili akilipaka lile. Lilichanua mara ya kwanza mwaka aliokufa. Yalikuwa matatu tu duniani, hapa. Februari iliyopita, siku vyama vinapokuja kutembea, tulikuja jioni tukakuta mawili na kishimo. Kishimo kidogo, safi. Mtu aliyejua kazi."

"Na hayo mawili?"

"Mvua za vuli ziliozesha vitunguu vyake, ile mizizi ya mviringo, ardhini. Kwa hiyo limekwisha." Akainua mabega. "Hatukumwambia mtu. Mama aliona haya. Unamkaribisha mtu chai, anakunywa, anashukuru, halafu anakuibia. Anasema ni yeye aliyefanya kosa, kwa kutojua kuchagua wageni."

"Na angeomba, je? Angepewa?"

"Kwa Baba, angepewa. Baba alikuwa na msemo wake: mmea unaotaka usikupotee, mgawie mwenzio."

Akatoa picha kwenye pochi, akamwonyesha. Kidole cha mzee kilikuwa kimeinua ua, na ndani yake alama ya kijani: mistari miwili iliyoinuka katikati mithili ya nyusi, na kitone kimoja chini. Ulikuwa uso wa mtu anayejizuia kulia.

Linnet alikuwa ameutazama uso ule asubuhi, bafuni, mswaki mdomoni.

Akatamani udongo ule mtupu umfukie. Goti la kushoto. Goti la kulia. Chungu nyuma ya pazia. Na yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili, amemkabidhi mwenye mali mali yake ya wizi, na ameahidi kumtengenezea miwani aione vizuri!

"Umebadilika rangi," Rowan alisema. "Baridi?"

"Baridi."

Wakati huohuo Bwana Pettifer akaita kwa sauti ya juu: kuna mtu ametumbukia kwenye mfereji, si hatari, ila kiatu kimebaki. Rowan akakimbia huku anacheka.

Linnet hakufikiri. Alirudi kwenye dirisha la jikoni, akatazama kushoto na kulia kama kibaka wa sokoni, akachomoa ua la sita kwenye kikombe, akalisokomeza ndani ya glavu yake ya kulia, kwenye kiganja. Matano yalibaki. Nani angeyahesabu? Alipopiga hatua ya kuondoka ndipo alipotambua kwamba ua lile sasa limeibwa mara mbili, na mara ya pili mwizi ni yeye.

Bi. Beryl alikuwa peke yake ndani ya basi, na keki yake ikiwa bado kwenye karatasi. Alimwona binti yake anavyopanda ngazi, akajua.

"Sema si wewe," Linnet alisema.

Mama akatazama dirishani.

"Mama. Ua la bafuni. Sema ulipewa na rafiki, nitajie jina lake, nitakuamini."

"Nilikuwa nimemzika baba yako wiki tatu," Bi. Beryl alisema taratibu. "Chama kikanileta hapa nichangamke. Kila mtu ananiambia nimejikaza vizuri. Mazishini sikulia, ulikuwepo. Nikaliinua ua lile nikaona lile nalo limejikaza. Sijui, Linnet. Nilikuwa na kijiko cha chai mkononi." Akaikunja karatasi ya keki. "Kijiko nilikirudisha. Nilikiosha kwanza."

"Kijiko!"

"Usinipigie kelele."

"Uliiba kwa kijiko cha watu, ndani ya bustani ya watu, ukashukuru kwa chai?"

"Na sijalifurahia hata siku moja. Ua gani hilo usiloweza kumwonyesha mtu? Bafuni! Kila nikioga linanitazama."

Linnet akakaa kiti cha mbele yake, akampa mgongo. Alitamani kumchapa maneno na alitamani kumkumbatia, akashindwa vyote viwili. "Rowan anataka kunichumbia leo," alisema. "Mbele ya mama yake. Yale mawili yaliyobaki hapa yameoza. La kwetu ndilo pekee. Twende tukaseme."

"Siwezi. Watu wote wa chama wako kule. Naomba, mwanangu. Hakuna anayejua. Nyamaza tu, uolewe."

Hayo ndiyo yaliyomuumiza Linnet kuliko wizi wenyewe, kwa sababu akilini mwake alikuwa ameshayasema kabla ya mama yake.

Jikoni kulikuwa na joto, na keki ya mbegu, na siagi. Wanachama walikuwa chumba cha pili wakinywa kwa kelele. Rowan alimvutia kiti, akakaa karibu, akataka kumshika mkono wa kulia chini ya meza. Linnet akauondoa. Rowan akajaribu tena. Linnet akauondoa tena, na safari hii aliona maumivu yakipita machoni mwa Rowan.

"Hata glavu huvui?" Rowan aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bado naona baridi."

"Linnet, kama hutaki nilichotaka kusema leo, niambie tu. Mimi si mtoto."

"Si hivyo."

"Ni vipi?"

Bi. Isobel akavua uzi shingoni, akaweka miwani mezani mbele ya Linnet. Na kwa mara ya kwanza akatabasamu, tabasamu dogo la mtu asiyelitumia sana. "Haya, fundi. Nataka kuyaona maua uliyoniletea. Hakuna mtu aliyeniletea maua tangu mume wangu afe. Wanadhani ninayo ya kutosha."

Bisibisi ilikuwa kwenye mkoba. Skrubu ilikuwa ndogo kama chembe ya mchanga. Kazi ile haifanyiki na glavu, na kila aliyekuwa mezani alilijua hilo.

Angeweza kusema ameumia kidole. Uongo ulishafika mdomoni. Lakini bibi alikuwa anamngoja kwa tabasamu lile, na Linnet akaona hawezi kulipokea na kuliweka bafuni nyuma ya pazia maisha yake yote.

Akavua glavu, akafungua kiganja juu ya meza.

Ua lilikuwa limepondeka, shina limevunjika, lakini petali moja ilikuwa imefunuka na alama ilionekana: nyusi mbili na kitone. Rowan ndiye aliyeliona kwanza. Bi. Isobel akaokota miwani mbovu, akashikilia kioo kimoja jichoni kama tajiri wa zamani, akainama mpaka pua yake ikakaribia vidole vya Linnet.

"Limetoka wapi?" aliuliza.

"Kwetu," Linnet alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Limekaa kwetu mwaka mzima. Nililichuma leo bila kujua nikakuletea, na nilipojua nikalichukua tena dirishani nikalificha. Nimekuibia mara ya pili, Bi. Thackray. Nisamehe. Hapana, usinisamehe. Sijui naomba nini."

"Nani alilichukua?" Rowan aliuliza. Sauti yake ilikuwa ngeni.

"Kwetu, Rowan. Nimesema kwetu."

Rowan alimsubiri aseme zaidi. Linnet hakumtaja; mzazi havuliwi nguo na mwanawe mbele za watu. Rowan akasimama, kiti kikaburuza, akatoka nje akaacha mlango wazi, baridi ikaingia.

Linnet akaona miwani bado iko pale, na kwa kuwa aliahidi na hakuwa na kitu kingine cha kumpa mtu yeyote katika nyumba ile, akaivuta, akatoa bisibisi, akaanza kazi. Skrubu ilimponyoka mara mbili. Mara ya tatu ikaingia. Akavifuta vioo kwa skafu yake, akaisukuma mbele ya bibi, akainuka aende zake.

Mlangoni pa chumba cha pili palikuwa na mtu. Bi. Beryl Ockley alikuwa amesimama na kofia yake ya sufi, magoti yake yote mawili mazima, na nyuma yake wanachama wameanza kunyamaza mmoja mmoja, vikombe hewani.

"Ni mimi, Bi. Thackray," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa Bwana Pettifer. "Si mtoto. Mtoto hakujua. Mwaka jana, kwa kijiko chako. Nimekaa ndani ya basi kuanzia saa tano kwa sababu sikuwa na uso wa kukuonyesha. Huu hapa."

Kikombe cha mtu kiligonga kisahani. Bi. Isobel akavaa miwani, akamtazama muda mrefu.

"Linaendeleaje?" aliuliza.

Bi. Beryl hakuelewa mara moja. Kisha akaivua kofia yake. "Linaendelea vizuri. Limezaa. Sasa yapo mawili."

"Mawili." Bi. Isobel akashika ukingo wa meza. "Udongo gani?"

"Wa majani yaliyooza, na kokoto chini. Dirisha la kaskazini."

"Mume wangu angefanya hivyohivyo." Akajinyoosha. "Usitarajie nikushukuru, Bi. Ockley. Na usitarajie nikusamehe leo. Kunywa chai, imepoa."

Na Bi. Beryl, ambaye hakulia kaburini kwa mumewe, aliketi pale na kikombe cha chai iliyopoa akalia kwa sauti, watu wa Marlwick wakatazama viatu vyao.

Saa tisa basi liliwashwa. Njia nzima ya kurudi kwenye basi hakuna aliyewasemesha. Bwana Pettifer alihesabu thelathini na wanane na hakufanya mzaha. Linnet alikaa dirishani, mama yake pembeni, mkono wake wa kulia umekufa ganzi. Rowan hakuonekana popote. Yamekwisha, alijiambia, na aliyeyamaliza ni mimi, na hata ningerudishwa asubuhi ningeyamaliza tena. Hilo halikupunguza aibu hata chembe.

Basi lilipofika langoni likasimama. Rowan alikuwa katikati ya njia, matope mpaka magotini, macho mekundu, na ilionekana mama yake alishamweleza yote. Dereva akafungua mlango. Rowan hakupanda. Alizungumza kutoka chini, kwa Bi. Beryl, kwa adabu iliyomchoma kuliko matusi.

"Usiving'oe vitunguu mwenyewe, Bi. Ockley. Kwa kijiko utakata mizizi. Jumatano nitakuja na chungu."

"Njoo, baba," Bi. Beryl alisema kwa unyonge. "Nitakuwepo."

Kisha Rowan akamtazama Linnet. Linnet akaona kilichokuwa mkononi mwa Rowan: glavu yake mwenyewe ya kulia, aliyoisahau juu ya meza, ndani imebaki doa la kijani. Akanyoosha mkono aipokee. Rowan akaitazama glavu, akautazama mkono ule mtupu uliokuwa mwekundu kwa baridi, akaikunja taratibu, akaitia mfuko wa ndani wa koti lake. Akarudi nyuma, basi likapita.

Walikwenda maili mbili kabla Bi. Beryl hajathubutu kusema.

"Hakukupa glavu yako."

"Nimeona, Mama," Linnet alisema, akauingiza mkono wake mtupu ndani ya mkono wa mama yake.